Mkwe Wangu na Bunduki ya Upepo

Majina ya watu sijawahi kuyasahau. Niulize nilichota maji na nani miaka ile ya tingatinga, Wazungu walipolima karanga Nachingwea, nitakutajia mmoja mmoja: Tabia binti Mkwanda, Sharifa, Mwajuma mwenye kigugumizi, Somoe mke wa Issa fundi cherehani, na Rosa, Mmakonde wa kutoka Msumbiji. Hata majina ya mbuzi wao nikikaa kidogo yatakuja. Lakini jina la mtu ninayetaka kumsema leo halitatoka mdomoni mwangu wala kwenye kalamu. Ni baba mkwe wangu. Kwetu mke hatamki jina la mkwewe, akiwa hai au akiwa amekufa. Mengi ya kwetu nimeyaacha, hili sijaliacha. Nitamwita Mkwe. Wanakijiji walimwita Fundi, maana huku kwetu mwindaji mwenye bunduki huitwa fundi, hata kama hajui kupigilia msumari.

Ukoo wake na alikozaliwa waulizeni wenyewe. Mimi nasema nilichokiona.

Alikuwa mfupi, mwenye shingo nene, na jicho la kushoto alilifumba hata akiwa anakula, kana kwamba ugali nao ungeweza kuruka ukamponyoka. Alikaa upande mmoja wa kigoda, tayari kuinuka. Kanzu alikuwa nayo moja, ya Ijumaa, na kiunoni, ndani ya kanzu, kisu. Mwalimu Athumani wa madrasa alimwambia mara ngapi, "Fundi, msikitini mtu haji na kisu." Naye alijibu mara zote, "Mwalimu, kanga hawajui kwamba leo ni Ijumaa."

Kijiji chetu kilikuwa kwenye njia ya kutoka Ruangwa kwenda Narung'ombe. Kwa desturi mwanaume ndiye huhamia kwa wakwe zake. Kwangu mimi iligeuka, kwa sababu mume wangu Saidi alipata kazi ya kuendesha trekta kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu kule Nachingwea, akaona nisikae peke yangu na mtoto, akanipeleka kwa wazee wake. Nilifika na mwanangu Zena mgongoni, hajaota hata jino moja. Mama mkwe alinipokea kwa uji. Mkwe hakunisalimu. Alimtazama kuku aliyekuwa anapekua karibu na kinu, akamwambia, "Kuku, mwambie mgeni karibu. Mwambie na kinu hicho kimepasuka, asitwange kwa hasira."

Ndivyo tulivyoongea mimi na yeye, miaka. Mkwe na mke wa mwanawe hawaongei uso kwa uso, ni aibu. Basi yeye aliongea na kuku, au na mbuzi, au na ukuta, na mimi nikajibu hukohuko.

"Kuku, mwambie anayetwanga mchi wake umeshafukuza kanga wote mpaka Nanganga."

"Kuku, mwambie babu yako kanga hawapikwi kwa maneno. Akileta tutapika."

Mama Saidi, ndiye mama mkwe, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la nguo. "Huyu kuku," alisema, "siku tukimchinja nyumba hii itakuwa ya mabubu."

Watu wakisikia mwindaji hudhani ni mtu wa damu. Mkwe hakuwa hivyo. Kila mnyama aliyemwangusha alimkimbilia, mzee yule na miguu yake mifupi, anakimbia huku anachomoa kisu na anasoma Bismillahi kwa sauti, ili amkute bado ana roho. Akimkuta ana roho, alimwelekeza kibla, akamchinja. Akimkuta amekwisha kufa, alisimama juu yake muda, akamwacha palepale. Kibudu hakikuingia kwenye nyumba yake. Mwalimu Athumani mwenyewe hakuwa mkali kiasi hicho. Nilimwona Mkwe siku moja ameacha paa mzima porini kwa sababu alimfikia akiwa ametulia. Sisi nyumbani tulikuwa tunakula mlenda wiki ya pili. Aliingia, akanawa, akamwambia ukuta, "Paa alinitangulia." Basi. Tukala mlenda.

Na kanga yeye hakula kabisa. Aliwinda kanga zaidi ya ndege wote, na hakula. Somoe alimuuliza siku moja sababu, akasema, "Namjua mno." Ndege wa kwanza wa kila safari alimpelekea mjane mmoja, Bi Mtumwa, aliyekuwa akikaa ng'ambo ya mto. Mama Saidi hakulipenda jambo hilo. Alisema mtu mwenye wajukuu nyumbani haanzi kulisha ng'ambo. Mkwe alikuwa hivyo, laini kwa wa mbali, na sisi wa ndani tulipaswa kujua wenyewe kwamba anatupenda.

Ijumaa baada ya swala alikuwa mtu mwingine. Walipanga kiberiti juu ya tuta la mihogo, wakashindana shabaha: Issa fundi cherehani, Selemani Nanjota, Hamisi aliyewahi kuwa askari vitani Bama, kupigana na Wajapani, na yeye. Hamisi alikuwa na maneno mengi kuhusu vita. Mkwe alimsubiri amalize hadithi, akaulowesha mwisho wa kidole kwa mate, akagusa kile kinundu cha mbele ya mtutu, akafyatua, kiberiti hakionekani tena. Akamwambia Hamisi, "Haya, na Mjapani wako naye alisimama kama kiberiti?" Ijumaa alitamba. Jumamosi asubuhi huwezi kuamini kwamba ni yeye.

Bunduki aliyokuwa nayo tangu nimemkuta ilikuwa gobori, ile ya kushindilia baruti kwa fimbo mdomoni mwake, na ndani unatia vipande vya chuma, misumari, chochote. Ukiifyatua moshi unakufunika, na mshindo wake watoto wanaangusha vyungu. Ndege mdogo akipigwa na gobori hakuna cha kuchinja. Anachanika. Mimi ndiye niliyekuwa nanyonyoa, na mara nyingi nilinyonyoa nyama iliyochanganyika na mchanga na chuma. Zena alipoanza kula aling'ata kipande cha msumari, jino lake la kwanza likameguka. Nililalamika kwa kuku siku nzima. Nilisema, "Kuku, mwambie babu yako atafute bunduki ya watu." Naandika hili kwa sababu watu hunisikia nikimlaumu yeye, na mimi nilikuwemo.

Ikawa mwaka ule mashamba ya karanga yalianza kupunguzwa. Saidi alileta habari kwamba matrekta yanapangwa mstari yakae, na Wazungu wanafunga masanduku. Mmoja wao, waliyemwita Bwana Miwani, alikuwa na bunduki mbili za upepo, zile zisizotumia baruti, unazivunja katikati kama unavunja muwa, unatia kirisasi kidogo kama punje ya choroko, chenye kiuno. Bwana Miwani alikuwa anatafuta gobori la zamani la kutundika ukutani kwao Ulaya. Alikuwa tayari kubadilishana, moja kwa moja. Mpishi wake, Bakari, alikuwa rafiki wa Saidi, ndiye aliyemkumbuka Mkwe.

Mkwe alitembea siku mbili mpaka Nachingwea na gobori lake begani. Mimi sikuwepo. Haya nimeyapata kwa Saidi na Bakari, na wote wawili waliyasema sawasawa.

Bunduki ya kwanza ilikuwa ndefu, nzito, na springi yake ngumu mpaka Saidi alitumia goti kuivunja. Ya pili ilikuwa nyepesi, kitako chake kimepasuka kikafungwa waya. Waliweka kopo la sigara kwenye kisiki. Ile nzito ilitoboa kopo huku na huku. Ile nyepesi ilibonyeza tu, kopo likaanguka. Bwana Miwani akacheka, akasema maneno, na Bakari akafasiri: "Anasema chukua hii nzito, mzee. Ile nyingine ni ya kuchezea watoto wake."

Mkwe akasema, "Mwambie kopo halina roho. Tujaribu kwenye chenye roho."

Wakaenda kwenye miti nyuma ya nyumba, walikokuwa njiwa. Kwa ile nzito alipiga njiwa kifuani, akakimbia na kisu, akamkuta amekufa, shingo inalegea. Akamweka chini. Kwa ile nyepesi alipiga mwingine bawani, njiwa akaanguka anazunguka, macho yake yako wazi. Mkwe akamshika, akasikiliza moyo wake kwa kidole gumba, akamwelekeza kibla, akamchinja. Akaja anatabasamu. Saidi anasema hakuwahi kumwona baba yake anatabasamu vile.

"Hii," akasema. "Hii inaniachia nafasi ya kisu."

"Baba," Saidi akamwambia, "nzito ndiyo bunduki. Kwa nzito utapata hata paa."

"Nzito inafanya kazi yangu na kazi ya kisu. Mimi sitaki bunduki inayochinja."

Bwana Miwani alitikisa kichwa, akachukua gobori, akalinusa mdomo wake kama mtu anavyonusa samaki. Akampa Mkwe ile nyepesi na vikopo vitatu vya risasi. Wakapeana mikono. Na pale, nakwambieni, wanaume wanne, wote wana akili, wote wana mashamba kwao au waliwahi kuwa nayo, wameizungumza bunduki asubuhi nzima: uzito wake, springi yake, nyama yake, halali yake. Hakuna aliyemtaja nguruwe.

Angemtajaje? Kwenye nyumba ya Mkwe neno hilo halikutamkwa. Tulisema "mnyama yule". Mnyama yule haliwi, kwa hiyo haingii kwenye hesabu ya mwindaji. Mkwe alichagua bunduki kwa kuwafikiria wanyama tunaowala. Wale wanaokula chakula chetu hakuwafikiria.

Alirudi, na miezi michache ya kwanza ilikuwa ya raha, siwezi kusema uongo. Ndege waliletwa hai, miguu imefungwa kwa ukambaa, tunachinja saa tunayotaka kupika. Nyama safi, haina chuma. Mwalimu Athumani alikuja kuitazama bunduki, akasema hii ndiyo bunduki ya Muislamu. Mama Saidi aliishonea mfuko wa kitambaa cha kanga yake ya zamani. Mimi nilimwambia kuku amshukuru babu yake, na kuku akaambiwa anijibu kwamba bado mchi wangu unapiga kelele. Risasi alizitunza. Alizitafuta ndani ya nyama kwa ncha ya kisu, akazinyoosha kwa meno, akazitumia tena. Hata Ijumaa kwenye kiberiti alishinda, na sasa alishinda kimyakimya, puu tu, kama mtu anayetema kokwa. Alilipenda hilo. Alisema, "Gobori linajisifu. Hii inafanya kazi."

Mvua zilipokuja wakaja na wao, wanyama wale.

Wazee walisema ni kwa sababu misitu iling'olewa kule Nachingwea, na wanyama nao wanahama kama watu. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba miaka yote iliyotangulia walikuwa wanapita pembeni ya mashamba yetu, wanakula kidogo, wanaondoka. Mwaka ule walikaa. Waliingia kwenye karanga zangu na za Mama Saidi, wakazifukua mstari kwa mstari kama watu waliolipwa. Wakaja kwenye mahindi, wakalalia mabua. Wakaja kwenye mihogo.

Mkwe alipanda dunguni, kile kitanda kirefu cha miti cha kulindia shamba, jioni na bunduki yake. Nilikuwa chini na Zena, nimeleta maji. Walitoka kichakani kabla jua halijazama vizuri, dume mbele, mgongo wake una nywele kama ufagio. Mkwe akalowesha kidole, akalenga, puu. Nilisikia risasi ikimpata, nilisikia kabisa, tap, kama mtu anavyogonga kibuyu. Dume akajitikisa. Akajisugua ubavu kwenye tuta. Akaendelea kula.

Jirani yetu Agostino, mume wa Rosa, alikuwa kwenye shamba lake, anatazama. Akapiga kelele kutoka kule, "Fundi! Umemkuna! Mkune na upande wa pili!"

Na mimi nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kwa sauti, na Zena akacheka kwa kuwa mama yake anacheka. Mkwe alitelemka dunguni bila kutazama mtu.

Rosa ndiye aliyeniambia, kisimani, asubuhi iliyofuata. Alikuwa anafunga kata ya kuwekea mtungi kichwani. "Zamani mlikuwa mnalindwa na mshindo," akasema. "Na sisi majirani tulikuwa tunalindwa na mshindo wenu. Gobori lilikuwa likilia mara mbili kwa wiki, haidhuru linampiga nani. Wale wanyama masikio yao ni makubwa kuliko macho. Mzee wako ameuza ngurumo, akanunua pumzi."

Nilibaki na mtungi mkononi. Kelele ile tuliyoilalamikia wote, moshi ule, vyungu vya watoto vilivyovunjika, ndivyo vilivyokuwa ua wa shamba letu, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Agostino hakuwa mtu mbaya. Mdomo wake tu ulikuwa hauna mlango. Alikuja mwenyewe kwa Mkwe, akakaa barazani, akavua kofia. "Fundi, sasa tuache utani. Nina nyavu. Nina mikuki, na kuna ndugu zangu wanne kule Nanganga. Tuzungushe nyavu shambani kwako na kwangu, tuwafukuze humo, tuwachome. Nyama nitabeba mimi yote, hata manyoya sitaacha. Wewe utabaki na shamba."

"Damu ya mnyama yule imwagike kwenye shamba langu?" Mkwe akasema. "Halafu nile mhogo uliokunywa damu ile?"

"Mvua itaosha, mzee wangu."

"Na nani ataosha mvua?"

Agostino akamtazama sana. Akasema taratibu, "Fundi, mhogo wenyewe hautakuwepo."

"Mungu yupo."

"Yupo. Na nguruwe nao wapo."

Neno lilitamkwa barazani. Mkwe akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Agostino alikaa kidogo, akanitazama mimi niliyekuwa napeta ungo mtupu, akavaa kofia yake.

Mkwe hakukubali mpaka wiki ya tatu, shamba la mihogo lilipobaki matuta yaliyopinduliwa. Asubuhi hiyo alivaa kanzu, siku si Ijumaa, akaenda kwa Agostino kukubali. Alikuta nyumba wazi, majivu baridi. Agostino na Rosa walikuwa wamekwenda kwa kaka yake Agostino, Masasi, kwa kuwa shamba lao nalo lilikuwa limekwisha. Mkwe alirudi, akasimama uani, akatafuta kuku wa kumwambia. Kuku tulikuwa tumekwisha kumla.

Akanitazama mimi. Akasema, "Binti, nimechelewa."

Ndiyo mara ya kwanza kuniambia neno mdomo kwa mdomo. Sikujua nijibu wapi. Nikatazama chini.

Njaa siielezi, mwenye kuijua anaijua. Tulichimba ming'oko, vile viazi vya mwitu, porini mpaka kucha zikang'oka. Saidi alirudi Nachingwea kutafuta kibarua na hakuna kibarua. Na kila siku, kila siku alfajiri, Mkwe alitoka na bunduki yake. Alileta njiwa mmoja, tetere wawili, siku nyingine kwale. Tulikuwa watu tisa, pamoja na shemeji zangu na watoto wao. Ndege wa kwanza hakumpeleka tena kwa Bi Mtumwa, alimpa Zena. Alikaa kando yake akimchambulia nyama kwenye mifupa ile midogo kama sindano, na ananiuliza waziwazi, hana tena aibu wala kuku, "Binti, mtoto amekula?" Naye mwenyewe alikula maganda ya ming'oko.

Nikamwona porini siku moja, nimekwenda kuchimba. Alikuwa amempiga kanga mkubwa, jike, kutoka mbali, kwa ile bunduki nyepesi. Kanga alikimbia na risasi mwilini. Mkwe akamfuata anapepesuka, anaanguka, anainuka, kisu mkononi, anasoma Bismillahi kwa pumzi inayokatika. Kanga akaingia kwenye miiba na kupotea. Kwa ile bunduki nzito angekufa palepale. Mkwe alipiga magoti mbele ya miiba ile. Nilijificha, nikasubiri aondoke kwanza.

Ikaja surua. Watoto wa Somoe waliugua wakapona. Wa Sharifa waliugua, wakapona. Zena alikuwa ana miaka mitatu na mikono kama vijiti vya ufagio. Siku ya nne aliacha kunywa mchuzi. Mkwe alikuwa ametoka. Tulipomfunika ndipo aliporudi, ana tetere wawili, wazima, miguu yao imefungwa pamoja. Hakuwachinja njiani, alitaka kumwonyesha mtoto kwanza kwamba bado wanapepesa macho, Zena alipenda hivyo. Akasimama mlangoni. Akatuona tulivyokaa.

Mama Saidi alimpokea ndege wale, akawafungua kamba, nadhani hakujua mikono yake inafanya nini. Hawakuruka. Mabawa yalikuwa yamevunjika. Siku zote tatu za matanga tetere wale walikuwa wanatembea uani katikati ya miguu ya watu, wanaokota wasichokiona, na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuwakamata wala moyo wa kuwala. Hamisi, Issa, Selemani, wote walikuja kuzika. Hakuna aliyemwita Fundi siku ile. Walisema, "Mzee, pole."

Mimi nilimwambia neno moja tu, siku ya tatu, baada ya dua. Nilimwambia mbele ya watu, usoni, jambo ambalo mke wa mtu hamfanyii mkwewe. Nilisema, "Ungebaki na gobori." Mama Saidi alinivuta mkono. Yeye aliinamisha kichwa, kama mtu anayepokea kitu kinachomstahili, akasema, "Ndiyo, binti."

Sikumwambia kwamba mimi ndiye niliyemwomba atafute bunduki ya watu. Naye hakunikumbusha. Angeweza kunikumbusha.

Saidi alikwenda Mtwara kutafuta kazi ya reli, akapata na mke mwingine. Mimi nilirudi kwa mama yangu Ruangwa, kama inavyopaswa. Mama Saidi alifariki, nilikwenda maziko. Mkwe hakuwepo, walisema amehama, ameshindwa kukaa, wengine wakasema amekwenda kwa mpwa wake. Sikuuliza sana. Kuna hasira ambayo mtu anailea kama mtoto, kwa sababu hana mtoto mwingine wa kulea.

Nilimwona mara ya mwisho Nanganga. Nilikuwa nimeolewa tena, na Rashidi Mpunga, na tulikuwa tumekwenda kununua mbegu za ufuta. Pembeni ya njia kulikuwa na shamba kubwa la mahindi la mtu mmoja, Mzee Chilumba, na katikati dungu, na chini ya dungu mtu amekaa upande mmoja wa gogo. Niliijua shingo. Nikamwambia Rashidi atangulie.

Alikuwa mlinzi wa shamba. Mzee Chilumba alimpa chakula na mahali pa kulala. Bunduki ilikuwa imelala mapajani, mfuko wake wa kanga umebaki nyuzi. Nilipiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani?"

Macho yote mawili yalikuwa wazi na yote mawili yalikuwa meupe. Nikamwambia ni mimi, mama Zena.

Alipapasa gogo kando yake, akalifuta vumbi kwa kiganja, nikae. Nikakaa. Ndiyo mara pekee niliyokaa naye kwenye kiti kimoja. Nilikuwa nimebeba mihogo ya kuchemsha, nikamwekea mmoja mkononi. Akaushika tu.

"Risasi zipo?" nikamuuliza, nikitafuta la kusema.

"Ziliisha zamani. Na springi imekatika."

"Sasa unalindaje, baba?"

"Ndege nawapungia kitambaa. Nyani wananiona mtu, wanaogopa kidogo."

"Na nguruwe?"

Nilisema neno lenyewe. Hakushtuka. Aligeuza uso kule mahindi yalikokuwa, yalikuwa yamekaribia kukomaa, na karibu na kichaka mistari mizima ilikuwa imelala chini. Sijui kama alijua.

"Nawasikia wakija," akasema. "Nawasikia wanapovunja bua la kwanza. Basi nakohoa. Nakohoa kwa nguvu zangu zote, binti. Wananyamaza, wananisikiliza. Halafu wanaendelea kula."